Hedifoni za Ohm Mia Sita na Maiki Tatu za Baba

Ilianza Jumamosi, siku tisa kabla ya shule kufunguliwa kwa muhula wa tatu, mwaka wa 2008, saa nane na dakika kumi mchana. Saa naijua kwa sababu anti yangu, dada mdogo wa baba, akija kwetu Mountain View hufika saa nane kamili, wakati chakula kimepakuliwa na vyombo havijaoshwa, na siku hiyo alichelewa dakika kumi. Alikuwa amebeba hedifoni.

Hazikuwa hedifoni za kuuzwa barabarani. Zilikuwa kubwa kama vikombe viwili vya uji, ngozi yake imechanika kidogo, waya umejikunja kama wa simu ya mezani, na mwisho wa waya kuna pini nene kama kidole changu cha mwisho. Anti alikuwa akipokea wageni katika studio moja ya kurekodi matangazo huko Kilimani, na studio ilikuwa imefungwa siku iliyotangulia.

"Bosi alisema kila mtu abebe kitu," alisema, akijivutia sahani. "Watu wakabeba viti. Mimi nikakukumbuka wewe na hiyo muziki yako."

Hiyo muziki yangu lazima niieleze. Nilikuwa kidato cha pili, na mwisho wa mwaka tulikuwa tunachagua masomo. Mwalimu wa muziki alikuwa ametangaza kwamba atachukua wasichana kumi na wawili tu, na atawachagua kwa mtihani wa masikio siku ya kwanza ya muhula wa tatu. Alimpa kila mmoja wetu CD yenye mazoezi ishirini. Katika kila zoezi sauti nne zinaimba pamoja, na kazi yako ni kuandika ile ya chini kabisa, besi. Mimi besi sikuwa naisikia. Mwalimu alishaniambia mbele ya darasa zima kwamba nina koo zuri lakini masikio yangu ni ya kushikilia miwani. Ambaye angeanguka angepelekwa darasa la Biashara. Baba aliomba nianguke. Si siri, aliomba kwa sauti kabla ya kula, kwamba Mungu aniongoze kwenye somo lenye faida.

Kwa hiyo zile hedifoni nilizipokea kama mtu aliyeletewa miguu.

Tulizichomeka kwenye kompyuta ya nyumbani, ambayo baba aliipata kazini walipokuwa wakitupa za zamani. Pini ilikuwa nene kuliko tundu, lakini anko alikuwa na kiungio mfukoni. Anko ni kaka yake mama. Aliishi kwetu kwa muda tu, na huo muda ulianza nikiwa darasa la tano. Kanisani yeye ndiye mkuu wa mitambo ya sauti. Kipimo chake cha sauti nzuri ni kimoja: vioo vya madirisha vitetemeke. Wazee wawili wameshahama kanisa letu, na anko husema walihama kwa mambo ya kiroho.

Nilivaa hedifoni, nikacheza CD. Kwaya ilisikika kana kwamba inaimba Kangemi na mimi niko ng'ambo ya barabara kuu ya Waiyaki Way. Juu ya kwaya kulikuwa na mvumo, na kila nilipogusa kipanya cha kompyuta, kitu kilikwaruza masikioni kama kuku kwenye mabati.

Anko alizichukua, akazigeuza, akasoma maandishi ya pembeni. "Ndiyo hii shida," alisema, kwa sauti ya daktari anayeita familia nje. "Hizi ni ohm mia sita. Zinataka amplifaya ya wati mia sita. Kompyuta itatoa wapi?"

Kila mtu alitingisha kichwa kukubali. Hata mama. Baadaye nilikuja kujua kwamba ohm si wati hata kidogo. Wati ni nguvu, ohm ni ubishi, ni jinsi waya unavyokataa umeme usipite. Lakini siku hiyo nilitingisha kichwa pamoja nao. Mimi ni mtu wa kutingisha kichwa.

Nyumbani amplifaya ilikuwepo. Baba aliinunua kwa bosi wake wa zamani aliyekuwa akihamia Kanada, kitu kizito cha chuma na mbao, chenye vifundo vya kuzungusha, na iliwekwa kwenye kabati ya vioo sebuleni, juu ya mashine ya DVD iliyounganishwa nayo. Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa ila baba. Mama aliruhusiwa kuipangusa, na alikuwa ameipangusa kwa bidii mpaka maandishi yote ya mbele yakafutika. Kisha akaifunika kwa kitambaa alichofuma mwenyewe, cheupe chenye maua ya waridi, kinachoning'inia mbele kama rinda. Kwetu kila kitu kimevalishwa kitambaa, televisheni, DVD, thamosi, hata redio ndogo ya jikoni. Ukikaa sebuleni kwetu muda mrefu bila kusonga, utafunikwa.

Chini ya rinda hilo, upande wa kushoto, kulikuwa na tundu moja nene. Baba alituambia ni la maiki. Alikuwa na ndoto ya kuongoza sherehe za nyumbani kwa maiki, ingawa sebule yetu ni hatua saba kutoka ukuta hadi ukuta. Alinunua maiki ya kwanza dada yangu alipopata ubatizo, ya pili wajomba walipokuja kwa mambo ya mahari ya binamu, na ya tatu bila sababu. Kila alipochomeka, maiki haikutoa neno na spika zikanyamaza kimya. Alisema watu wa mjini wanauza feki. Maiki zote tatu zililala kwenye droo ya chini.

Jumanne anko alinipeleka Luthuli, barabara ya mjini yenye maduka ya vyombo vya sauti, kutafuta amplifaya. Tuliingia duka lililo ndani ya duka lingine. Muuzaji alikuwa kijana mwenye kalamu nyuma ya sikio, na alimsalimia anko kama ndugu aliyepotea.

"Sema mkubwa."

"Poa. Msichana anataka kitu ya hedifoni. Lakini si mchezo, ni za ohm mia sita."

"Mia sita?" Kijana alipiga mluzi. Akashusha kutoka rafuni amplifaya ya gari, ya rangi ya fedha, yenye taa za buluu na feni mbili. "Hii ni wati elfu mbili, siz. Hii ukiweka, jirani anahama."

"Mimi nataka kusikia besi," nilisema.

"Besi ndiyo hii sasa."

Nilitaka kumwambia kwamba sina gari, na kwamba hiyo besi ninayoitafuta ni mzee mmoja anayeimba taratibu kwenye CD ya shule. Lakini sauti yangu ikiwa kati ya watu hutoka mara moja kwa siku, na nilikuwa nimeshaitumia. Anko alitoa mfukoni CD yake ya kwaya, ile anayojaribia kila kitu, kuanzia spika hadi betri. Kijana akatafuta mahali pa kuchomeka hedifoni, akakosa. Amplifaya ya gari haina tundu la pini. Ina skrubu za kufungia waya.

"Si shida," akasema, na akachukua koleo. "Tunakata hii kichwa, tunachuna waya, tunafunga moja kwa moja."

Anko alisema, "Kata tu."

Nilikamata ile pini kwa ngumi na sikuiachilia. Kijana alivuta kidogo, mimi nikavuta kidogo, tukavutana pale juu ya kaunta kama watu wawili wenye adabu.

"Siz, huniamini?"

Nilitingisha kichwa, safari hii kwa upande. Tulitoka dukani. Anko hakuongea nami mpaka tukafika nyumbani, kisha akamwambia mama kwamba watoto wa siku hizi wanaletewa msaada wanakataa.

Alhamisi nilienda saiba, nikasoma mtandaoni mabaraza ya watu wanaopenda hedifoni duniani. Sikujua kuna wanaume wengi hivyo wasio na kazi. Mmoja alisema amplifaya yake ina sauti ya asali. Mwingine alisema asali hiyo imeharibika, na wakatukanana kurasa sita juu ya waya wa kuunganishia. Lakini katikati ya matusi nilijifunza mambo mawili, nikayaandika kwenye daftari. La kwanza, hedifoni za ohm nyingi hazitaki wati nyingi. Zinataka msukumo wa volti, na nguvu kidogo tu nyuma yake. La pili, kwenye CD hakuna muziki, kuna namba, na lazima pawe na kitu cha kugeuza namba hizo ziwe sauti. Kitu hicho wanakiita DAC. Kilichoko ndani ya kompyuta kama yetu huwa cha hali ya chini, ndiyo maana ya mvumo na makwaruzo.

Mtu mmoja aliandika kwamba hakuna haja ya kununua lolote, amplifaya yoyote ya zamani ya nyumbani yenye tundu la hedifoni inatosha. Walimcheka mpaka akajitoa barazani. Maneno yake niliyanakili daftarini, na chini yake nikaandika: "Ya baba haina. Iko na ya maiki tu." Daftari hilo bado ninalo, na hayo maneno nimeyapigia mstari.

Jumamosi anti alinipeleka kwa mtaalamu. Alikuwa fundi wa ile studio iliyofungwa, kijana anayeishi ghorofa ya nne Kilimani katika nyumba isiyo na kiti hata kimoja, kwa sababu pesa yote ilikuwa kwenye vyombo. Alikuwa na amplifaya ndogo kama kitabu cha nyimbo na DAC mbili, moja nyeusi, moja ya fedha. Hedifoni zangu alizishika kama mtoto mchanga.

"Unajua uko na nini hapa?"

"Ohm mia sita," nilisema.

"Exactly." Alimtazama anti kwa heshima, kana kwamba amezaa vizuri. Kisha akaniambia nifunge macho nichague. "Hii ni ya kwanza. Sikiza hewa iliyo katikati ya ala."

Nilisikiza. Ilikuwa nzuri sana, kusema kweli. Hewa sikuisikia.

"Sasa hii ni ya pili."

Nilisikiza tena. Sikusikia tofauti yoyote, lakini alikuwa ametutengenezea chai, na mtu mkubwa kwangu habishiwi. "Ya pili iko na joto zaidi," nilisema. Neno hilo nililitoa saiba.

Alifurahi kupita kiasi. Alimwambia anti kwamba masikio kama haya hayafundishwi, mtu huzaliwa nayo. Kisha akainama nyuma ya vyombo, na aliposimama masikio yake yalikuwa yamebadilika rangi. Alikuwa amesahau kubadilisha waya. Zote mbili zilikuwa DAC moja. Alisema wakati mwingine chombo hupata joto kikikaa. Nikakubali, tukanywa chai tumesimama.

Aliniambia bei ya vile vitu viwili. Anti alicheka mpaka akashika ukuta, akasema tuondoke. Ngazini nilijua nimebakiza siku moja, na besi ya zoezi hata moja sijaiandika.

Jumapili mchana ilikuwa zamu yetu ya ushirika wa nyumbani. Watu kama ishirini kutoka estate huja, huimba, huomba, hunywa chai, na siku hiyo walikuwa wanaombea wanafunzi wanaorudi shule. Baba alikuwa amejiandaa. Safari hii hakununua maiki. Alimwambia anko alete ya kanisa, ile ambayo asubuhi hiyohiyo ilikuwa imehubiri kwa masaa mawili bila kukwama.

CD ya nyimbo ilikuwa ikicheza kwenye DVD, na spika zilikuwa zikiimba vizuri. Baba akainua rinda la amplifaya mbele ya wageni, akachomeka maiki. Spika zikanyamaza.

"Halo," baba akasema kwenye maiki. "Halo. Bwana asifiwe."

Hakuna. Alizungusha kifundo cha sauti mpaka mwisho. "Bwana asifiwe," akasema tena, na walioketi mbele wakaitikia kwa huruma.

"Hii ilikuwa inafanya saa nne," anko alisema. "Mimi mwenyewe ni shahidi. Maiki nne sasa. Hii nyumba iko na kitu."

Mzee wa ushirika, mwenye nyumba za kupangisha huku nyuma ya barabara, alisimama polepole. "Ndugu zangu," alisema, "si kila kitu ni waya." Akaagiza tufunge macho tuikemee roho inayofunga vinywa katika nyumba hii. Baba alinipa maiki niishike, akainua mikono. Watu ishirini wakaanza kuomba kwa nguvu, kila mmoja na yake, na mama akilia kidogo, kwa sababu ni nyumba yake iliyosemwa.

Mimi nilikuwa nimesimama kando ya kabati, maiki kifuani. Maombi yalipotulia kupumua, nikasikia kitu. Kidogo, kama mbu anayejua nyimbo. Niliinua maiki sikioni.

Maiki ilikuwa inaimba. Ndani yake mlikuwa na ile kwaya ya CD, ndogo lakini nzima. Hakukuwa na chochote kilichoharibika. Lile tundu halikuwa la kuingiza sauti. Lilikuwa la kuitoa. Spika zilinyamaza kwa sababu mashine ilidhani mtu anataka kusikiliza peke yake. Maiki tatu za baba zilikuwa zikimwimbia mkononi miaka yote, na yeye akizifokea halo.

"Amina," alisema mzee. "Sasa hiyo mashine itoke hapa kwanza."

"Jioni naipeleka Luthuli," anko alisema. "Nijue bei yake."

Nilitazama ile pini ya maiki. Unene wake ulikuwa uleule wa pini ya hedifoni zangu, na hedifoni zilikuwa chumbani, hatua kumi.

"Baba," nilisema. Hakusikia. Hakuna aliyesikia, ila shosho wa jirani, bibi kizee aliyeketi kwenye stuli karibu yangu, na huyo ndiye mtu asiyesikia vizuri kuliko wote.

"Unasema nini, mama?" shosho aliniuliza.

Sikuwa na sauti nyingine. Nilikimbia chumbani, nikarudi na hedifoni. Nilipunguza kifundo, nikachomoa maiki, nikachomeka pini, na nikamvalisha shosho hedifoni juu ya kilemba chake. Kwanza alinikazia macho. Kisha uso wake ukalegea wote. Sebule ilikuwa kimya kabisa, spika hazisemi, na katikati ya kimya hicho shosho akaanza kuimba kwa nguvu, kama watu wasiosikia sauti yao wanavyoimba. Aliimba ubeti mzima. Alipomaliza akasema kwa kelele, "Kuna mwanaume anaimba huku chini kabisa. Anaimba vizuri. Ni nani?"

Hapo nilijua besi imepatikana. DVD ndiyo ilikuwa DAC yangu, nayo ilikuwa hapo tangu zamani, imevaa kitambaa.

"Kwa hiyo hilo tundu si la maiki," alisema mzee wa ushirika, ambaye dakika moja kabla alikuwa amelikemea.

"Ni la hedifoni," nilisema. Mara hii walisikia wote.

Mtu mmoja alikohoa. Anti, aliyekuwa mlangoni na sinia la chai, alisema, "Na zile za kwenye droo?" Baba alikuwa akiangalia maiki mkononi mwangu. Kisha akasema, "Tufunge kwa neema," na watu wakaisema haraka kuliko nilivyowahi kuisikia.

Wakati wa chai anko aliwaambia wageni kwamba yeye alishuku jambo hilo tangu mwanzo, ila hakutaka kumvunjia shemeji yake heshima nyumbani kwake. Walimwamini. Ni mkuu wa mitambo.

Wageni walipoondoka baba alifunika amplifaya, akanyoosha rinda vizuri, pindo kwa pindo.

"Darasa la Biashara," aliniambia, "wangekufundisha kwamba mtu mzima haaibishwi mbele ya wageni."

"Pole, baba. Walitaka kuibeba."

"Ningewakataza mimi." Alinyoosha pindo moja tena. "Hiyo mashine isiguswe."

Hakuniuliza mtihani ni saa ngapi. Ulikuwa saa mbili na nusu.

Kesho yake asubuhi niliamka saa kumi na moja. Niliondoa kitambaa cha amplifaya na kitambaa cha DVD, nikavikunja mara nne nne, nikavikalia, kwa sababu sakafu ya sebule ni baridi. Niliweka CD ya shule, nikachomeka pini, nikazungusha kile kifundo mwenyewe. Mzee wa besi alikuwa hapo, chini ya wenzake, akishuka ngazi moja moja bila haraka, na nilimwandika zoezi baada ya zoezi mpaka kidole kikaniuma. Nilipokuwa kwenye la kumi na saba nilimwona baba kwenye kioo cha kabati, amesimama mlangoni na taulo begani, midomo yake ikisogea, sauti yake isinifikie. Sikuvua hedifoni. Nilirudisha zoezi mwanzo, nikaongeza sauti kidogo, nikaandika.